Bi Fundi Anajibu: "Mbao zote ni za mnazi uleule"

Mwezi huu barua zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mninga haushikiki bei, mkongo hauonekani, sasa tukalie nini? Kuna aliyeacha mlangoni kwangu hapa Shangani mfuko wa kaki umejaa maganda ya korosho, bila salamu wala jina, kama mtu aliyepeleka kuku kwa mganga. Barua yake ilifuata siku mbili baadaye, naye nimemjibu humu. Barua tatu nimeziweka kando kwa sababu ni za kusuta mafundi, na mimi ni fundi, siwezi kujisuta hadharani.

Shikamoo Bi Fundi. Niko Mitwero, Lindi. Babu ametuachia shamba la minazi, mingi imezeeka na haizai tena. Nimekata miwili, nikapasua kwa chenso, nikatengeneza stuli nne na kiti kimoja. Nia yangu ni kuwauzia watu wa Dar es Salaam. Stuli mbili ziko imara mpaka leo. Mbili nyingine na kile kiti, skrubu zinatoka kwa mkono, na mguu mmoja umebonyea kama muhogo uliooza. Mbao zote ni za mnazi uleule. Nimekosea wapi? – Kijana wa Mitwero

Marahaba, mwanangu. Stuli zako zimenikumbusha aibu yangu mwenyewe, acha niitoe mapema ili tuendelee.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua kazi ya viti sita vya mnazi kwa nyumba moja ya wageni huku upande wa Mikindani. Mwenye nyumba aliona picha kwenye simu, akazipenda zile mbao zenye madoadoa ya kahawia. Nikanunua mbao zilizokwisha pasuliwa na mtu mwingine, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikakabidhi nikiwa najiona. Masika ikaingia. Asubuhi moja mgeni, mtu mzima na kilo zake, akaegemea nyuma na kiti kikapiga goti. Hakuumia, ila chai ilimwagika mezani pote na mimi nikarudisha pesa ya viti vyote sita. Nilipoupasua ule mguu nikakuta ndani unachimbika kwa ukucha. Ninao mpaka leo, nimeutundika kwenye ukuta wa nyuma wa karakana, nitaueleza huo ukuta huko mbele.

Sasa rudi kwenye maneno yako: "mbao zote ni za mnazi uleule". Hapo ndipo ulipojikwaa, kwa sababu mnazi mmoja una mbao tatu ndani yake. Mninga hunenepa mwaka hadi mwaka, na ule ubao mwekundu unaoutafuta uko ndani, pembeni ndiko kuna weupe unaoliwa na wadudu. Mnazi uko kinyume kabisa. Kwa ukoo ni jirani wa mahindi na nyasi kuliko wa mwembe: hauna pete za umri, hauna kiini, hauna matawi, kwa hiyo hauna hata fundo moja. Ugumu wake uko nje chini ya gamba, ulaini uko katikati, na sehemu ya chini ya shina ni ngumu kuliko ya juu. Kata gogo, litazame kichwani. Utaona vidoa vyeusi vimesongamana pembezoni kama watu siku ya mnada wa korosho, na kadiri unavyoingia katikati vimetawanyika. Vidoa vile ni mishipa ya mti, na ndiyo nguvu yote. Palipo na nafasi kati ya kidoa na kidoa, skrubu inashika uji.

Kuupima huhitaji maabara. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 5. Hiyo ni nusu lita kamili. Kiache kikauke mpaka uzito usishuke tena, kisha kiweke kwenye mzani wa jikoni na uzidishe gramu kwa mbili. Utakachopata ni kilo za mita moja ya ujazo. Kikivuka 600, hapo una miguu, mihimili na fremu ya kiti. Kati ya 400 na 600, tengenezea maegemeo, na mbao za kukalia zenye kitu cha kuzibeba kwa chini. Chini ya 400 usikipe mzigo wowote, hata kikupendeze namna gani. Nina hakika stuli zako mbili nzima zimetoka pembezoni mwa gogo, na zile nyingine ni za katikati.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha chenso, zungushia rangi nyekundu kwenye vichwa vya gogo, ukitenga ukingo wenye vidoa vingi. Pasua ukingo kwanza pande zote nne, na moyo ubaki peke yake. Theluthi ya chini ya shina ndiyo itakayokupa mbao nyingi za maana. Ule moyo usiuache shambani ukaozea pale. Chonga, yule mdudu mwenye pembe, hutaga kwenye magogo ya mnazi yanayooza, halafu wakubwa wake wanapanda kutoboa minazi michanga ya jirani, na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Mbao zipange kivulini siku hiyohiyo, juu ya vijiti, upepo upite. Mnazi una sukari na wanga, siku chache tu zinatosha ukungu kuzifanya za bluu, ndiyo maana wengine huzichovya kwanza kwenye maji ya boraksi. Na jiandae kunoa. Mnazi unakula meno ya msumeno kama mchanga. Ukiweza, tafuta msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi.

Kuhusu Dar es Salaam, nitakusimulia kiti kimoja. Mwaka 1859 fundi Mjerumani, Michael Thonet, ambaye karakana zake zilikuwa Austria, alitoa kiti alichokiita Namba 14. Alichukua mbao za mti wa huko kwao unaokubali kupindwa, akazipika kwa mvuke na kuzikunja kwenye kalibu za chuma. Kiti kizima kilikuwa vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofumuliwa vilienea ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Mnazi wako haupindiki hivyo, ukiujaribu unavunjika kama ubua, kwa hiyo usiige umbo lake. Iga sanduku. Kiti cha mnazi kiwe na miguu minene iliyonyooka, na viungo vya boliti inayopita ng'ambo mpaka ng'ambo, washa na nati kila upande, tundu limetobolewa kwanza kwa kekee. Boliti iwe ya shaba au chuma kisichoshika kutu, maana hewa yetu ya chumvi inamaliza misumari ya kawaida kabla mteja hajamaliza kulipa. Kikifumuka, viti kumi vinapanda buti ya basi kama mzigo wa kawaida. Kikiwa kimeunganishwa, utalipia nauli ya hewa.

Bi Fundi, sisi ni kikundi cha akina mama, tunabangua korosho Newala. Maganda yamekuwa mlima nyuma ya banda. Tunataka kuyasaga, tuchanganye na gundi nyeupe ya mbao, tugandamize tupate mbao za meza za shule. Mfuko nilioacha mlangoni kwako ni wa kwetu. Wazo linafaa? – Mama wa Banguo

Kumbe ni wewe. Asante kwa mfuko, nimeufanyia kazi, na vidole vyangu ni mashahidi.

Wazo la kutumia maganda ni zuri, gundi nyeupe siyo. Ganda la korosho si pumba. Ndani ya kuta zake mbili mna mafuta, yanaweza kufika hata robo ya uzito wa ganda, na nyinyi mnaobangua mnayajua kuliko mimi: ndiyo yanayowababua mikono mpaka mnapaka majivu. Yale makali yake ni ya ukoo mmoja na utomvu wa embe unaotoa vidonda kando ya mdomo, maana mkorosho na mwembe ni ndugu. Nilivaa glavu, nikatwanga maganda yako kwenye kinu kibovu, nikachanganya na gundi, nikabana kwenye jiliwa usiku kucha. Asubuhi kipande kilitoka kinang'aa, nikafurahi. Mchana jua lilipokipata kikaanza kutoa jasho la kahawia. Gundi haikushika, ilikuwa inaelea juu ya mafuta. Nikakiokota bila glavu, kwa kujisahau tu, na jioni kifundo cha mkono kikawa na malengelenge mawili. Sasa weka hapo kiwiko cha mtoto wa darasa la pili anayeandika imla.

Meza za shule zifuteni kabisa kwenye mpango.

Lakini hayo mafuta yenyewe ndiyo mali. Yakikamuliwa na kupashwa moto mkali kitaalamu, ile asidi kali iliyomo hubadilika ikawa kitu kinachoitwa kadanoli, na hiyo viwanda vya dunia vinaitafuta: inaingia kwenye rangi, vanishi, bitana za breki za magari, na gundi za kubandikia mbao zisizoogopa maji. Gundi hiyo hupatikana kwa kuunganisha kadanoli na formaldehaidi, na hapo naomba mnisikilize vizuri, si kazi ya sufuria na mafiga. Moshi wa mafuta haya unachoma macho na kifua, na formaldehaidi ni sumu inayojulikana kusababisha saratani. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mabomba na watu wenye vinyago.

Ninachowashauri kina sehemu mbili. Kwanza, msitupe wala msichome mlima wenu. Tafuteni mnunuzi mwenye mashine ya kukamua, na mkiuza, uzeni kwa uzito wa ganda kavu. Anzeni kwa kuuliza kituo cha utafiti cha Naliendele, pale ndipo watu wa korosho wa nchi nzima wanapokutana. Pili, ganda lililokwisha kamuliwa ndilo linaloweza kujaribiwa kuwa mbao, tena mbao za nje: ubao wa tangazo, kizuizi cha banda la kuku, mgongo wa benchi la bustani ambao utafunikwa kwa ubao mwingine. Kitu ambacho ngozi haikigusi.

Mkifika kwenye majaribio, fanyeni kama ninavyofanya kwenye ukuta wangu. Ni ukuta wa tofali nyuma ya karakana, unatazama bahari, juu yake bati limeishia nusu. Kila nyenzo mpya nakata vipande vinne vya sentimita 20 kwa 20. Kimoja natundika juani, kimoja chini ya mchirizi wa bati, kimoja nafukia nusu ardhini kwa ajili ya mchwa, cha nne nakizamisha kwenye ndoo saa 24 na kupima unene kabla na baada. Tarehe naiandika kwa rangi ya mafuta. Kilichovimba zaidi ya sehemu moja kwa kumi hakirudi ndani ya nyumba yangu. Kile cha kwenu kiko pale juani na bado kinatoa jasho. Jirani yangu anauita ukuta wa wafungwa.

Habari Bi Fundi? Sisi vijana wa Chikongola tunaokota plastiki ufukweni. Tumeona video watu wanayeyusha plastiki kwenye pipa wanamimina mabenchi. Tumejaribu, benchi la kwanza limetoka zuri, la pili limetoa moshi mweupe tukakimbia, la kwanza nalo limeanza kubonyea katikati kama machela. Tufanyeje? – Vijana Watano

Nzuri, wanangu, na mlivyokimbia mlifanya vema. Huo moshi, nadhani mlitia vipande vya bomba. Mabomba mengi ya maji ni ya plastiki ya PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Geuza kila chombo, angalia namba ndani ya pembetatu. Namba 3 ndiyo PVC, iwekeni pembeni, isikaribie moto. Namba 2 ni madumu ya mafuta ya kula na galoni, inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Namba 5 ni vile vyombo vigumu vya jikoni, na hata viti vya plastiki vya sherehe ni ukoo wake, nyuzi 160 hivi. Chupa za maji ni namba 1, hiyo inataka nyuzi 250, na mkiichanganya na nyingine haishikani, inabaki kama mawe ndani ya uji. Kusanyeni namba 2 peke yake, iosheni chumvi na mchanga, ikatweni ndogondogo, na pipa la moto wa kuni liacheni, kwa sababu hamwezi kujua ni nyuzi ngapi. Oveni ya umeme yenye kipimo, mahali pa wazi, ndiyo mwanzo wa kazi hii.

Kubonyea ndiyo tabia ya plastiki. Ubao ukiubebesha mzigo unapinda kidogo, mzigo ukitoka unarudi. Plastiki inapinda, kesho inaongeza, keshokutwa inaongeza, hata mzigo ukiwa uleule. Kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye nafasi pana kama papi ya mninga. Tegeni papi yenu juu ya matofali mawili, wekeni mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati, pimeni leo na mpime baada ya mwezi. Mtajua wenyewe nguzo ziwe mbali kiasi gani. Mimi nisingezidisha sentimita 40. Na matundu ya boliti yafanyeni marefu kidogo, yasiwe duara, kwa sababu papi ya mita moja na robo inaweza kurefuka milimita 3 au 4 kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua la hapa. Msipoipa nafasi itajipinda yenyewe kama nyoka.

Msikate tamaa lakini. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani, Emeco, ilichukua kiti chake cha alumini kilichotengenezwa mwaka 1944 kwa ajili ya manowari, ikakitoa upya kwa plastiki ya chupa za soda. Kiti kimoja kinakula chupa 111, na kimepewa jina la hesabu hiyo. Ila chupa zile hazikumiminwa peke yake, zilichanganywa na nyuzi za kioo ndipo zikapata mgongo. Plastiki inataka mfupa. Nyie hamna nyuzi za kioo, mnaweza kuipa mfupa wa ubao wa mnazi kwa chini. Yule kijana wa Mitwero anao.

Bi Fundi, natoka Kilwa, nina magogo matatu ya mpingo. Nataka meza ya kulia ya mpingo mtupu, iwe ya kipekee. Gharama si tatizo. – Mzee wa Kilwa

Shikamoo mzee. Hapana.

Mpingo unazama majini, mita moja ya ujazo inapita tani, meza yako itabebwa na watu wanane. Hukua pole pole, miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na hukua umepinda na kupasuka ndani, kwa hiyo kwenye magogo matatu sijui kama utapata ubao mmoja wa futi sita ulionyooka. Wachongaji wetu wa Kimakonde wanajua, ndiyo maana kinyago kinafuata mti ulivyojikunja na si mti kufuata kinyago. Huko ng'ambo hutengenezewa klarineti na zumari, vitu vya urefu wa mkono. Na hapo hapo Kilwa kwenu kuna vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, wavune mpingo kwenye misitu yao wenyewe, kila mti umehesabiwa. Kwa hiyo kabla hatujaongea meza, hati ya hayo magogo iko wapi?

Ikiwepo, lete gogo moja. Nitakutengenezea meza ya mkongo ukipatikana, au ya mwembe, na mpingo nitaupa kazi inayoustahili: vigingi vya viungo, vipande vya kufungia mipasuko ya ubao, vishikio vya droo. Weusi kidogo kwenye wekundu. Mtu atauona akikaa, asiuone akipita.

Bi Fundi, nimeolewa mwaka jana, tunakaa Ligula. Kabati la MDF tulilopewa kwenye harusi limevimba chini kama mguu wa mgonjwa na lina harufu inayowasha macho. Ni bovu au ni sisi? – Bibi Harusi

Si nyinyi, na kabati lenyewe si bovu sana, limekuja tu mji usio wake. MDF ni unga wa mbao na gundi, na gundi ya bei ya kawaida inachoka ikikutana na unyevu. Harufu ni ya hiyo gundi, fungua madirisha na uache milango ya kabati wazi mchana, itapungua. Chini palipovimba hapaponi. Mwite fundi akate sentimita kumi za chini, aweke miguu ya ubao halisi, na kila ukingo uliokatwa aupake vanishi mara tatu, maana maji huingilia ukingoni. Msipige deki kwa kumwaga ndoo. Siku mkinunua jingine, ulizeni plaiwudi ambayo mstari wa gundi ukiutazama ubavuni ni mweusi au kahawia iliyokolea. Hiyo mara nyingi ni gundi inayovumilia maji.

Mjukuu wangu, mimi ni bibi yako wa Mchinga, ananiandikia mtoto wa shule. Nataka kitanda cha kamba kama cha zamani, mgongo wangu umekataa magodoro. Vijana wananiambia kamba ya nailoni ndiyo ya kisasa. Nisikilize nani? – Bibi

Shikamoo bibi. Barua yako niliisoma ya kwanza nikaiweka ya mwisho, kama nyama.

Nailoni ni kamba nzuri ya kuvutia mashua kwa sababu inanyumbuka. Kwa kitanda, kunyumbuka ndiko kunakokuumiza: utalala juu, utaamka chini. Zile kamba za plastiki za bluu hazinyumbuki sana lakini zinateleza kwenye fundo, na kitanda kikiwekwa uani jua linazimaliza, zinageuka unga mkononi. Katani ni imara, nyeupe, inapendeza, na mkonge tunao Lindi tangu enzi za mashamba ya Kikwetu. Ila unyevu wa kila siku haiuvumilii vizuri, na wewe unaishi Mchinga, bahari iko mlangoni.

Kwako nasema usumba. Kamba ya makumbi ya nazi, yale yaliyofukiwa kwenye tope la pwani miezi sita na zaidi, yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kwa kiganja juu ya paja. Nyuzi zake zimeshaonja maji ya bahari hata kabla hazijawa kamba, ndiyo maana mabaharia walizitegemea. Ni ngumu kidogo kwa ngozi, tandika mkeka juu. Mafundi wa ng'ambo siku hizi wanayasaga makumbi hayohayo na kuyagandamiza kwa moto, yanashikana bila gundi kwa utomvu wake mwenyewe, wanapata mbao. Wanaliita jambo jipya. Wakati nyanya zetu wanafukia makumbi hawakuulizwa.

Fremu nitakufanyia ya ukingo wa mnazi, futi tatu na nusu kwa sita, matundu yametobolewa kila upana wa vidole vitatu na kulainishwa kwa msasa ili yasikate kamba. Miguu nitaipaka chini mafuta ya sifa, yale ya papa, kama baba yangu alivyopaka majahazi, uvumilie harufu siku mbili tatu. Kamba ilowekwe usiku mmoja, ifumwe ikiwa mbichi.

Nitakuja nayo mwenyewe. Wiki ya kwanza italegea, unajua mwenyewe kitanda hiki kiliitwaje. Umwamshe huyo mtoto wa shule: teremka, tukaze.